Mwisho wa Bweni la Tatu

Wasichana wawili walikuwa wamekaa juu ya gunia la mchele, ndani ya chumba tulichopewa sisi wageni wa mbali, na walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini. Tulikuwa Nyarugusu ya machimbo ya dhahabu, siku ya pili baada ya kumzika rafiki yangu Milembe, na wale walikuwa wajukuu zake. Nilidhani ni mambo ya msiba, maana msibani hakukosi ugomvi wa masufuria. Kumbe ni tamthilia. Mmoja alikuwa na simu mkononi, na mwenzake anamwambia, "Msimu wa mwisho wameuharibu. Bora wangeishia pale walipokuwa bado shule." Yule wa simu akasema hata yeye kaona umeharibika, ila ataangalia mpaka mwisho, kwa sababu amekua nao na hawezi kuwaacha njiani. Waliponiona nimefumbua macho wakanyamaza. "Shikamoo bibi. Tumekuamsha?" Nikaitikia marahaba, nikawaambia waendelee. Hawakuendelea. Nilitaka sana waendelee, kwa kweli. Tangu nishuke kwenye gari nilikuwa sijalia, na watu walikuwa wameanza kuniangalia. Nilikuwa nimetupia udongo wangu kaburini, nimekula ugali wa msiba, nimeitikia pole za watu, na ndani mwangu hamkuwa na kitu, kama mguu uliolaliwa. Maneno ya wale watoto ndiyo yalikuwa ya kwanza kunigusa, nayo yalinigusa kidogo tu.

Mimi na Milembe tulikuwa na mchezo wetu wa redio. Uliitwa Bweni la Tatu, na ulihusu wasichana wa shule moja ya bweni ambayo haikutajwa iko wapi. Mkubwa wao alikuwa Rukia, msichana mwenye sauti nzito kidogo, mbishi, mwenye kucheka kabla hajamaliza sentensi. Kwetu Ushirombo hakuna aliyemwita Rukia. Ulimi wa Kisukuma ukikutana na r huigeuza l bila kuomba ruhusa, kwa hiyo mtoto wa watu akawa Lukia, na mtamba mmoja mkaidi wa jirani akapewa jina hilohilo. Mchezo ulikuja kwa misimu, kama kilimo. Mvua zikianza unapotea, kiangazi unarudi, kila Jumapili alasiri. Tuliupenda kiasi kwamba Milembe alijifunza kucheka kama Rukia, akapigwa kofi na mama yake kwa kicheko hicho, na bado hakukiacha.

Redio ilikuwa ya Baba Milembe. Ilikaa sebuleni juu ya kigoda chenye kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe karibu nayo. Mwaka ninaousema ni ule ambao sabuni ilipatikana kwa foleni na betri ziliuzwa chini ya meza. Zilipochoka tulizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, na dukani kwa Mzee Jamali, Mhindi wa barabara ya misheni, ulipaswa kwanza kuuliza hali ya mkewe na ya watoto wake ndipo mzee ainame na kutoka na betri mbili zilizofungwa gazeti. Jumapili alasiri wanawake wa jirani waliingia na kazi zao. Kiangazi kazi ni pamba, basi sebule ilijaa pamba: nyeupe inatupwa huku, fifi, ile yenye madoa, inatupwa kule, na katikati sinia la matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na karanga za kukaanga. Wengi wao Kiswahili kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Mtafsiri nilikuwa mimi. Nilisikiliza sentensi tatu nne, halafu nyayo za watu zikisikika au mlango ukigongwa mle redioni, nikawamwagia yote kwa Kisukuma upesi, kabla watu wa bweni hawajaanza tena kusema.

Nilikuwa hodari, na sijivuni. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kunilisha baadaye, miaka mingi mahakamani, kumgeuzia hakimu maneno ya wafugaji. Lakini nilianza vibaya. Msimu mmoja wa nyuma, Rukia alimwita mwalimu mkuu mchawi, nami nikaona aibu mbele ya watu wazima, nikasema amemwita mkali. Milembe, aliyeelewa Kiswahili kama mimi, akaangua kicheko chake cha kofi. Baba Milembe alikuwa mlangoni anafunga kamba ya ndama. Akauliza kuna nini, akaelezwa, akaingia ndani na kamba yake mkononi. "Minza," akaniambia, "maneno ya redio ni ya serikali. Hayaongezwi, hayapunguzwi." Tangu siku hiyo nikawa nimenyooka kama rula. Wanawake wakanisifia: msema kweli mpenzi wa Mungu. Nami nikavimba kichwa.

Msomaji wa leo atacheka, lakini Baba Milembe hakuwa mjinga. Redio ndiyo iliyotangaza bei ya pamba. Redio ndiyo iliyosema watu wahamie vijijini, na watu wakahama kweli, na nyumba za zamani zikabomolewa. Sasa nani angemfundisha kwamba sauti hiyohiyo, ndani ya kisanduku hichohicho, Jumatatu inasema sheria na Jumapili inacheza? Kwake yote yalikuwa "redio imesema", na redio ikisema yeye habishi. Milembe alipokuwa darasa la sita, walikuja watu kumposa, na babu zake wakataka aachishwe shule. Jumapili ile Rukia naye akawa anaachishwa shule, akakataa, akasema msichana amalize kwanza alichoanza. Nilitafsiri. Baba Milembe akainuka, akawaambia wazee wake, "Redio imesema wamalize," na jambo likaisha hapo. Milembe akamaliza darasa la saba. Kuanzia hapo, katika nyumba ile, Rukia alikuwa mtu wa kuulizwa.

Ndiyo maana msimu wa mwisho ulitukuta tumekaa kwenye miiba. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Milembe hakuchaguliwa, lakini masista wa misheni walikuwa na chuo chao cha ushonaji, na sista mmoja alikuwa amemwona anavyoshika sindano, akamwekea nafasi. Miaka miwili, cherehani, na akimaliza ni fundi. Wakati huohuo akaja mtu wa Nyarugusu, mnunuzi wa dhahabu, mwenye saa ya mkononi na viatu vya ngozi, si mzee, si mbaya wa sura, anaongea taratibu. Ng'ombe anao. Baba Milembe hakumkatalia wala hakumkubalia. Alisema atatoa jibu pamba ikishauzwa. Mama Milembe akacheka peke yake jikoni, akaniambia, "Pamba gani? Anasubiri Lukia amalize." Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, nasi watoto wote wa jirani tulimwita mayu, yaani mama, na kucheka kwake ilikuwa mara moja kwa mwezi.

Sasa msimu wenyewe. Jumapili ya kwanza tulikaa, muziki ukapigwa, Rukia akafungua mdomo, na hakuwa Rukia. Walikuwa wamembadilisha. Sauti nyembamba, safi, ya mtu anayesoma karatasi, na kicheko kinakuja baada ya sentensi. Milembe akashusha pamba yake. "Labda ana mafua," akasema. Wiki iliyofuata bado ana mafua. Wasichana wenzake wa bweni wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa sentensi moja: fulani amehamishwa, fulani mama yake mgonjwa. Yule mpishi mlevi tuliyempenda hakutajwa tena hata siku moja. Kila wiki katikati ya maneno akapita mtu kuwaelekeza kuchemsha maji ya kunywa. Jambo jema, sikatai, lakini bweni halikuwa na shida hiyo. Mimi nilikasirika nikataka tuache. Nilimwambia Milembe kwamba wametuuzia fifi kwa bei ya nyeupe. Yeye akasema, "Wewe unakwenda sekondari. Utapata Lukia wengine huko. Mimi ninaye huyu." Tukaendelea kusikiliza. Nakumbuka nilikuwa nachoshwa na mchezo na hapohapo siku ya Jumatatu nahesabu vidole kusubiri Jumapili, na sikuona ajabu yoyote katika hayo.

Zilipobaki wiki chache, ndani ya mchezo akaingia bwana shamba, kijana mwenye pikipiki, na Rukia akaanza kuvuta maneno kila akizungumza naye. Wanawake sebuleni wakatazamana. Mayu akaacha kuuliza maswali. Milembe naye akaacha kula. Matobolwa yalipita mbele yake akayasogeza kwa jirani. Jumamosi, siku moja kabla ya sehemu ya mwisho, tulikuwa kisimani, na ndoo zilikuwa zimeshajaa. Akaniambia bila kunitazama, "Kesho akikubali kuolewa, wewe sema amekataa."

"Nitasemaje amekataa na redio inasema amekubali?"

"Kwa Kisukuma," akasema. "Mayu atakuamini. Baba hayupo, anakwenda mnadani Runzewe, akirudi atamuuliza mayu. Sista anafunga orodha Ijumaa. Akishaniandika, baba hataenda kugombana na misheni."

"Na kwa Mzee Jamali? Pale wanasikiliza watu kumi. Watasema."

"Watasema wiki ijayo. Mimi nataka wiki moja tu, Minza."

Nikamwambia maneno ya redio hayaongezwi, hayapunguzwi. Nilimwambia hivyo yeye, Milembe, aliyekuwa ananifunga kata ya kubebea ndoo kichwani wakati huohuo. Alimaliza kuifunga, akanitwika, akajitwika ya kwake, tukarudi. Njiani alinieleza habari za mbuzi wao aliyezaa mapacha. Nilijua kwamba nimesema vibaya. Nilijiambia kesho nitaona.

Jumapili sebule ilijaa hadi mlangoni. Betri zilikuwa zimepigwa jua siku mbili na bado sauti ilikuwa inakuja na kupotea, ikabidi tusogee karibu, magoti kwa magoti. Mayu alikaa chini, mgongo ukutani, lundo la pamba mapajani. Milembe alikaa nyuma yangu, sikuweza kumwona. Mchezo wenyewe sitausimulia. Walizungumza, pikipiki ikazimwa, mvua ya redioni ikanyesha. Mwishoni bwana shamba akauliza swali lake, na Rukia, yule wa sauti nyembamba, akasema, "Nimekubali. Shule imenipa akili, na leo napewa nyumba." Muziki ukapigwa, mrefu, kwa sababu ulikuwa wa mwisho kabisa. Zamu ikawa yangu.

Mikono ya mayu ilikuwa imesimama juu ya pamba. "Lukia kasemaje?" akauliza. Akauliza tena, polepole, ananitazama usoni, "Ng'wanone, mwanangu, kasemaje?" Nimejaribu maisha yangu yote kukumbuka nilihisi nini pale, na jibu ni kwamba sikuhisi kitu. Ningependa kusema niliogopa. Sikuogopa. Nilikuwa natafuta neno. Kisukuma kina numba, hiyo ni nyumba, kuta na paa. Na kina kaya, hiyo ni nyumba yenye moto na watu na mifugo na jina. Nikaona numba ni neno kavu kwa mwisho wa mchezo wa miaka yote ile. Nikasema, "Amekubali. Kasema shule imempa akili, na leo anapewa kaya." Wanawake wakaguna kwa kuridhika, mmoja akapiga kigelegele kifupi. Nilisikia raha. Sekunde mbili hivi nilisikia raha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Nilipogeuka nyuma, Milembe alikuwa ameshainuka, anakusanya maganda ya karanga kwa kiganja.

Baba yake alirudi Jumanne. Sikuwepo, lakini najua aliuliza redio imesemaje, na mayu akamjibu. Alhamisi mjumbe akaenda Nyarugusu. Harusi ilifanyika kabla ya mvua, na mimi nilikula pilau na nyama, nikacheza, nikambebea Milembe sanduku lake hadi kwenye lori. Hakunipa kisogo wala hakunilaumu. Alinikumbatia akaniambia nisome. Wapo watakaofikiri aliteseka. Hakuteseka, au si kuliko wengine. Alizaa, aliuzia wachimbaji vitumbua na chai machimboni, alijenga nyumba mbili, alimzika mumewe na akamlilia. Miaka ile yote tulipokutana tulizungumza kila kitu. Mara moja tu, tumekaa uani kwake tunachambua mchele, aligusia mchezo. Alisema, "Ule msimu wa mwisho ulikuwa mbaya sana. Lakini harusi waliipatia." Kisha akacheka, kicheko kikaja baada ya sentensi. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na nafasi, uani hapakuwa na mtu mwingine, nikachambua mchele hadi ukaisha.

Wale wajukuu zake wawili hawakujua wanamsemea nani walipokuwa wanabishana juu ya gunia. Yule wa simu ndiye niliyemwelewa zaidi. Mtu anaweza kukichukia kitu na kukikalia hadi dakika ya mwisho, na baadaye asijue kama alikaa kwa mapenzi au kwa sababu hajui pengine pa kukaa. Mimi Bweni la Tatu nalikumbuka lote, hata nyimbo za mabwenini, na kila nikilikumbuka nafika kwenye ile kaya, nasimama.

Kwa sababu kuna jambo sijalisema. Wiki mbili baada ya harusi, kabla sijaondoka kwenda shule, nilipeleka ungo nilioazima kwa kina Milembe. Mayu alikuwa jikoni peke yake anamenya karanga. Nilimsalimu, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akanisogezea kigoda. Nyumba ilikuwa kimya. Redio ilikuwa imefunikwa kitambaa chake, maana betri zilikuwa zimekufa na hakuna aliyekwenda kununua nyingine. Nikakaa nikaanza kumenya pamoja naye. Tukamenya muda mrefu. Halafu akasema, kwa Kisukuma chake cha taratibu, "Siku ile ulitafsiri vizuri mno."

Nikasema asante, wabeja.

"Lukia alisema nyumba," akaendelea. "Neno nyumba nalijua, Kiswahili hicho kidogo ninacho. Nikasikia wewe unasema kaya. Kaya uliiongeza wewe."

Nilianza kumweleza kwamba numba lilikuwa neno kavu, kwamba nilitaka tu lipendeze. Hakunisikiliza. Alikuwa anaangalia karanga mkononi mwake, anaitoa ganda la ndani lile jekundu, ambalo hakuna mtu hulitoa.

"Na lile la kukubali pia nililisikia," akasema. "Nilikuuliza mara mbili. Nilikuwa nasubiri useme amekataa. Ningekwenda kwa baba yake na neno lako vilevile, nimwambie redio imesema. Nisingekuuliza tena."

Ninachokumbuka ni kwamba mikono yangu iliendelea kumenya, kwa mwendo uleule. Nikamwambia, "Mayu, mimi sikujua kama inaruhusiwa."

Akaitia ile karanga kwenye bakuli, akachukua nyingine.

"Hata mimi sikujua," akasema.